Kifaa kinajua ulipo, hakijui maji yalipo

MAMA mmoja msomaji wa ukurasa huu amenipa kazi. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, amejipatia baiskeli ya milimani na sasa anamsumbua babake amnunulie kifaa cha GPS cha kufunga kwenye usukani. Sababu anayoitoa ni kwamba likizo ijayo atakwenda kumwamkia babu yake Sangailu, na safari hii hataki kushinda bomani akinywa chai ya maziwa. Anataka kuzunguka kwa baiskeli hadi malishoni, waliko binamu zake na ng'ombe.

"Ananiambia hawezi kupotea kwa sababu kifaa hicho kinaongea na setilaiti," mama huyo alinieleza. "Mimi nauliza swali moja tu. Tukikinunua, nitalala usingizi?"

Swali hilo, msomaji mpenzi, lina maana kuliko maswali mengi yanayoulizwa madukani. Wengi wetu tukienda kununua kifaa cha aina hii huuliza bei, kisha rangi, kisha kama kioo chake ni cha kugusa kwa kidole. Hatuulizi kitatusaidia vipi siku mambo yatakapoharibika. Leo basi tulijibu swali la mama huyu, na huenda jibu likamfaa pia mzazi ambaye mwanawe hataki kwenda mbali zaidi ya Ngong.

Nchi isiyo na kilima

Kwa wale ambao hawajafika huko, Sangailu ni kituo kidogo katika kaunti ya Garissa, upande wa Ijara. Ukitoka Masalani, mji ulio karibu na mto Tana, unapita Ijara na kuendelea upande wa kaskazini mashariki. Mbele ya Sangailu kuna Hulugho, na mbele ya Hulugho ni mpaka wa Somalia. Ni nchi ya wafugaji, tambarare, yenye vichaka vya miiba na udongo ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi.

Anayepotea Ngong huinua macho akavitafuta vilima. Anayepotea Nyeri huutafuta mlima Kenya. Huko Ijara utainua macho uone nini? Kichaka cha asubuhi kinafanana na cha jioni, na njia ya ng'ombe hugawanyika, kisha ikagawanyika tena, bila kibao wala jiwe la kuonyesha maili. Hata jua halikusaidii sana. Karibu na ikweta, miezi ya Machi na Septemba, saa sita mchana jua liko utosini na kivuli chako umekikanyaga.

Jambo jingine lazima lisemwe kabla hatujataja kifaa chochote. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni ya kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab katika msitu wa Boni, ulio kusini mwa eneo hilo kuelekea Lamu, na barabara za upande wa mpakani zimewahi kutegwa mabomu ardhini. Hakuna ramani ya dijitali inayoonyesha mambo hayo. Kijana atakayekwenda huko ni lazima kwanza jamaa zake wa Sangailu wakubali, chifu na polisi wajue yupo, na mipaka ya matembezi yake iwekwe na wenyeji, si na yeye wala na kifaa chake. Wakisema mwezi huu hapana, basi ni hapana, na baiskeli ibaki Nairobi.

Ni sikio, si mdomo

Sasa tuje kwa hizo setilaiti. GPS ilibuniwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mtambo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, hivi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100. Walipoacha, raia wa kawaida akapata kujua alipo kwa kukosea mita chache tu. Siku hizi Urusi, Ulaya na Uchina nazo zina setilaiti za kazi hiyo hiyo, na vifaa vingi vya kisasa husikiliza za wote.

Neno la kushika hapo ni "husikiliza". Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, kila moja ikiwa na saa sahihi mno, zikitangaza wakati na mahali zilipo. Kifaa chako husikiliza angaa nne kati ya hizo, kikapima matangazo yamechukua muda gani kufika, kisha kikapiga hesabu ya mahali ulipo. Ndiyo maana hakihitaji mtandao wa simu wala bando. Hata simu yako, ukizima mtandao wote, bado itajua ilipo, ingawa huenda ikachukua dakika kadhaa kabla ya kujipata mara ya kwanza.

Lakini kifaa hicho hakisemi lolote. Ni sikio, si mdomo. Kijana akivunjika mguu kichakani, kifaa kitamwonyesha barabara mahali hasa alipovunjikia mguu, na hakuna mtu mwingine duniani atakayejua. Wazazi wengi huamini kwamba wakinunua GPS watamwona mtoto kwenye simu yao akitembea kama siafu. La hasha. Ili umwone, lazima simu yake ipate mtandao wa kukutumia habari hiyo, na kichakani mtandao huweza kupotea kwa saa nyingi.

Vipo vifaa vinavyotuma ujumbe kupitia setilaiti, kama vile inReach vya kampuni ya Garmin, vyenye hata kitufe cha kuomba msaada. Hivyo ni vifaa vya namna nyingine, hulipiwa ada ya huduma juu ya bei ya kununulia, na katika eneo la mpakani usibebe chombo cha kutuma ujumbe angani kabla ya kuwauliza wakuu wa usalama. Ukienda dukani uliza waziwazi: "Hiki kinasikiliza tu, au kinatuma pia?" Muuzaji akibabaika, nenda duka jingine.

Simu, cha usukani au cha mkononi?

Kuna njia tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni simu uliyo nayo. Kioo chake ni kikubwa, ramani zake ni nzuri, na haikugharimu chochote zaidi. Ubaya wake ni kwamba kioo kikiwaka mfululizo betri huisha mapema, jua kali huifanya ipate moto hadi ikajizima, na kidole chenye jasho na vumbi hakiongozi kioo vizuri. Isitoshe, simu ndiyo ya kumpigia babu. Ukiimaliza kwa kutazama ramani, umepoteza ramani na babu kwa pamoja.

Ya pili ni kifaa cha usukani, kama Edge vya Garmin au vile vya Wahoo na Bryton. Ni kidogo, huvumilia mtikisiko na vumbi, na kioo chake husomeka juani. Hukuhesabia mwendo, kilomita na mapigo ya moyo. Ndicho kinachopendwa na washindani. Katika mbio za Migration Gravel Race zilizoanza mwaka 2021 huko Mara, waendeshaji hufuata mstari uliokwisha kuwekwa ndani ya kifaa, siku nne, kilomita zipatazo 650. Lakini kumbuka kwamba mstari ule ulichunguzwa na waandalizi kabla ya mashindano, na nyuma ya waendeshaji kuna magari, maji na madaktari. Kijana wa Sangailu hana gari nyuma yake. Tena betri ya kifaa hiki imo ndani, na ikiisha ni lazima ichajiwe.

Ya tatu ni kifaa cha mkononi, ambacho wapanda milima na walinzi wa wanyama wamekitumia miaka mingi. Mfano ni eTrex 22x cha Garmin, kilichotoka mwaka 2019. Kioo chake ni kidogo na hakina madaha, lakini kina vitufe vya kubonyeza, na hutumia betri mbili ndogo za AA ambazo huenda saa 25 hivi. Betri za namna hiyo huuzwa pamoja na tochi, majani ya chai na sukari. Penye duka, kifaa kinafufuka.

Kwa nchi kama ya Sangailu, mimi ningechagua hicho cha tatu, simu ikawa akiba, imezimwa na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa Ngong au Karura, simu pekee yatosha. Kifaa cha usukani cha bei kubwa, ambacho huweza kumaliza bei ya ng'ombe mzima, kinamfaa anayefanya mazoezi ya mashindano na anayelala palipo na umeme.

Ramani hutangulia safari

Kifaa bila ramani ni nukta kwenye kioo cheupe. Ramani inayotumiwa zaidi na waendesha baiskeli ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Steve Coast wa Uingereza, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea na hailipishwi. Programu za simu kama Organic Maps na OsmAnd huitumia, na unaweza kuipakua Kenya nzima ukiwa bado nyumbani. Nasisitiza: nyumbani. Anayengoja hadi afike Masalani ndipo apakue ramani ni kama anayengoja mvua ndipo aezeke paa.

Wakenya wana sababu ya kuijua ramani hiyo. Mtaa wa Kibera, wenye watu wengi namna ile, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za kawaida hadi mwaka 2009, vijana wa mtaa walipopita vichochoroni na vifaa vya GPS mkononi wakauchora wenyewe katika mradi wa Map Kibera. Funzo ni kwamba ramani huwa nzuri pale ambapo mwenyeji ameigusa. Njia nyingi za vichakani, kinyume chake, zimechorwa na mtu aliyekaa mezani mbali, akitazama picha iliyopigwa kutoka angani. Ameona mstari, akachora mstari. Hajui kama ni barabara ya lori, njia ya ng'ombe kwenda majini, au mkato uliofyekwa zamani na watafuta mafuta ambao sasa umefungwa na miti ya mathenge. Kwa hiyo usikiachie kifaa kikuchagulie njia chenyewe. Kitapenda mstari mfupi, na mfupi si lazima uwe unapitika.

Zipo pia ramani za karatasi za Idara ya Upimaji ya Kenya. Ni za kuheshimiwa, lakini nyingi za zamani zilipimwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, ilhali GPS hutumia kingine kiitwacho WGS 84. Ukichukua namba za karatasi ukaziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha kipimo, utakosea kwa mita zipatazo 300. Mjini, mita 300 ni kituo kimoja cha matatu. Kichakani, ni kupita kisima bila kukiona.

Makosa mawili zaidi huwapata hata wasomi. Sangailu iko kusini mwa ikweta, kati ya digrii ya 1 na ya 2. Tuseme mahali pako pako digrii 1.30 kusini. Ukisahau alama ya kusini ukaandika kaskazini, kifaa kitakupeleka karibu kilomita 290 kutoka hapo, ng'ambo ya ikweta, nacho hakitacheka. Na ukiandika digrii 1 na dakika 30 badala ya 1.30, umepotea kwa kilomita 22, kwani digrii moja ina dakika 60, si 100, na urefu wake ni kilomita zipatazo 111. Kilomita 22 juani ukiwa na chupa moja ya maji si mchezo.

Buluu isiyo na maji

Hapa ndipo ninapomrudia mama yetu. Tuseme kijana amenunua kifaa kizuri, ramani imepakuliwa, namba ni sahihi. Ramani inaonyesha doa la buluu kilomita 15 mbele, yaani bwawa. Anakunywa maji yake bila wasiwasi kwa sababu mbele kuna bwawa.

Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa katika sehemu hizo. Mabwawa yalikauka, mifugo ikafa. Kwenye ramani yale madoa yalibaki buluu. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikaja kwa fujo hata barabara ya kwenda Garissa ikafunikwa na maji pale Madogo, na kwenye ramani ile barabara ilibaki barabara. Ramani ni habari ya siku ilipochorwa. Safari ni habari ya leo.

Habari ya leo anayo nani? Ni yule aliyetoka huko jana. Wasomali wenyewe wana salamu inayosema "Iska warran", yaani jieleze, toa habari zako. Wafugaji wakikutana njiani hawaishii kujuliana hali. Hupeana habari za mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji, malisho yako upande upi na nani amepita. Kijana wa mjini aliyezoea kuuliza kioo huenda akampita mzee mwenye ngamia kwa "salaam aleikum" ya haraka, macho yako kwenye usukani, akaiacha nyuma yake habari ambayo hakuna setilaiti iliyo nayo. Ashuke. Asalimie kwa adabu. Aulize: "Maji ya kisima kile yapo leo? Nani ameyanywa?" Kisha atie alama kwenye kifaa chake mwenyewe.

Wala hatuseme kwamba kifaa na mwenyeji ni maadui. Karibu na Masalani iko hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako wenyeji wanamlinda hirola, swala adimu kabisa ambaye makao yake ya asili ni sehemu hizi za mpakani. Mtafiti Abdullahi Ali, mzaliwa wa Garissa, aliwafuata hirola kwa mikanda ya shingoni yenye GPS ili ajue wanakokwenda. Mikanda ilitoa namba. Lakini aliyejua namba hizo ni malisho gani na ni kichaka gani alikuwa ni mtu wa nchi hiyo.

Mtihani kabla ya pesa

Kwa hiyo, mama, kabla mzee hajatoa pesa, mpe kijana mtihani. Aende Karura, au mbuga ya Hell's Gate huko Naivasha ambako baiskeli zinaruhusiwa, akiwa na simu yake tu na mtandao umezimwa. Aweke alama pale anapoanzia. Aendeshe saa mbili, kisha arudi kwa kufuata nyayo zake mwenyewe kwenye kioo. Wiki ya pili arudi kwa dira na karatasi, simu ikiwa mfukoni. Akishindwa huko kwenye walinzi na mageti, hatafaulu Ijara.

Akifaulu, akaribie safari kwa masharti manne. Kwanza, theluthi moja ya maji ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho haiguswi. Theluthi ya kwanza ikiisha, anageuka hata kama bwawa la buluu limebaki kilomita mbili. Pili, saa kumi alasiri awe ameelekea nyumbani. Tatu, awe na mipira miwili ya akiba na viraka, maana miiba ya huko haisomi ramani. Nne, asiende peke yake. Binamu mmoja juu ya baiskeli kuukuu anamzidi kifaa chochote kwa thamani.

Na nyumbani ibaki karatasi. Iandikwe anakokwenda, na nani, atarudi saa ngapi, na jina la mtu wa Sangailu wa kupigiwa saa hiyo ikipita. Karatasi hiyo ndiyo mdomo ambao kifaa hakina.

Nilipomsomea mama huyo masharti haya kwa simu, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe la kununua ni dogo, la kufanya ni kubwa." Nikamwambia hivyo ndivyo. Akaniuliza tena kama atalala. Nikamjibu kwamba mtoto akiwa na binamu yake, na maji, na babu anayejua ameelekea upande gani, atalala kiasi ambacho mama yeyote hulala mwanawe akiwa safarini.

Alicheka. Akasema atampigia simu babu kwanza, ndipo azungumze na mzee kuhusu pesa. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.